Mlisoma Wapi? Hotuba kwa Kikundi cha Wasomaji wa Katuba, Lubumbashi

Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama na akina baba, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlioniita hapa Katuba jioni ya leo, ninawashukuru. Mliniomba nizungumzie kazi ya kukusanya mambo ya kuvutia tunayokutana nayo tunaposoma kwenye intaneti, na namna ya kuyapeana. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na mwalimu wa historia hata akiulizwa habari za leo asubuhi huanzia mbali. Basi mnivumilie nianzie kwenye karanga.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akinituma sokoni katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na chenji ikibaki alikuwa ananiruhusu ninunue karanga. Muuzaji alizipima kwa kikombe kidogo, akazimimina katika karatasi aliyoikunja kama pembe. Karatasi hizo zilitoka katika magazeti ya zamani, makaye (yaani madaftari) ya shule na barua za ofisi zilizotupwa. Karanga ziliisha kabla sijafika nyumbani, lakini karatasi nilizitunza, na chini ya kitanda nilikuwa na sanduku la viatu lililojaa maandishi yenye madoa ya mafuta. Siku moja nilipata kipande kilichosimulia kesi ya mwanamke aliyeshtakiwa kwamba ameiba cherehani ya mwajiri wake. Shahidi wa kwanza alikuwa amekwisha kusema, shahidi wa pili alikuwa anasimama, na hapo hapo karatasi ilikuwa imechanwa. Haikuwa na tarehe, wala jina la gazeti, wala jina la mji. Kesho yake nilirudi kwa muuzaji kumwomba nusu ya pili. Alicheka, akaniambia kwamba nusu ya pili ilikwenda na karanga za mtu mwingine. Mpaka leo sijui kama mama yule alifungwa au aliachiwa.

Nawaambia habari hii kwa sababu simu niliyo nayo mfukoni imekuwa lile sanduku la viatu. Imejaa picha za skrini zilizokatwa juu na chini, sentensi nzuri zisizo na mwenyewe, takwimu zisizo na mwaka, na maneno ya hekima ambayo juma hili yanabandikwa jina la mzee Mandela na juma lijalo jina la Einstein. Nyingi nilizihifadhi mwenyewe, tena kwa furaha. Lakini nikitaka kumpa mtu mojawapo ya hizo, naona kwamba sina cha kumpa zaidi ya karatasi ya karanga. Kwa hiyo neno langu la leo ni moja tu: anayempa mwenzake jambo alilolisoma, ampe pamoja na mahali lilikotoka na sababu ya kumpa. Akiyaacha hayo mawili, amemtwika mwenzake kazi ya kubahatisha.

Neno hilo sikuzaliwa nalo. Nilifundishwa, tena kwa aibu.

Miaka michache iliyopita nilipokea ujumbe wa mistari mitatu kuhusu Shinkolobwe. Ulisema kwamba bomu lililoangushwa Hiroshima lilitengenezwa kwa madini ya kwetu, kwamba Wamarekani walikuja kuyachimba kwa siri mwaka 1945, na kwamba mgodi huo uko karibu na Kolwezi. Nilijisikia Mkatanga kamili, nikausambaza kwa ndugu, kwa majirani na kwa wanafunzi wangu wa zamani. Haikupita saa moja, mmoja wa wanafunzi hao, binti ambaye darasani hakuwa msemaji, akaniandikia: "Samahani, Mwalimu, mlisoma wapi?" Mnajua kwamba hapa kwetu mtu mmoja mwenye umri huambiwa "ninyi" kwa heshima, na binti yule alikuwa na adabu. Lakini siku ile wingi ule niliusikia vingine. Niliusikia kana kwamba alikuwa ananiuliza mimi, na aliyenitumia, na aliyemtumia yeye, sote kwa pamoja, na miongoni mwetu hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa amesoma.

Ilinichukua jioni tatu, na mega za intaneti nyingi kuliko nilizokusudia kununua, mpaka nikapata jibu la kumpa. Shinkolobwe iko karibu na Likasi, mji ambao zamani uliitwa Jadotville, wala si Kolwezi. Mgodi ulikuwa mali ya Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji. Mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, ambaye wakati wa vita alikuwa akifanyia kazi New York, aliagiza mwaka 1940 kwamba tani zipatazo 1,200 za mawe ya urani zipelekwe Marekani. Zilipofika ziliwekwa katika ghala kwenye kisiwa cha Staten Island, zikiwa ndani ya mapipa ya chuma, zikakaa karibu miaka miwili. Mwezi wa Septemba 1942 ofisa mmoja wa jeshi, Kenneth Nichols, alikwenda ofisini kwa Sengier kuulizia urani, na kabla hajatoka walikuwa wamekwisha kupatana. Huku kwetu mgodi ulikuwa umefungwa kabla ya vita na maji yalikuwa yameujaa, na wahandisi wa jeshi la Marekani wakasaidia kuukausha ili uchimbwe tena. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi ule wa bomu ilitoka hapo.

Basi ujumbe wangu ulikuwa na kweli ndani yake, lakini kweli hiyo ilikuwa imelala kati ya makosa mawili, na mtu asiyejua hangeweza kuzichambua. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba habari kamili ilikuwa ya kuvutia kuliko ile ya siri na usiku. Hebu fikirini mawe ya Likasi yakingoja miaka miwili katika ghala la kisiwani, huku mji mzima wa New York ukipita pembeni bila habari. Nilipomtumia binti yule maelezo hayo, safari hii pamoja na majina, miaka na mahali nilipoyasoma, yeye naye alifuata njia hiyo hiyo, na baada ya siku mbili akaniletea jambo nisilolijua: kwamba ghala lile lilikuwa karibu na daraja la Bayonne. Aliweza kuongeza kwa sababu nilimwachia mlango wazi. Ujumbe wa kwanza haukuwa na mlango. Ulikuwa wa kuaminiwa au kukataliwa, basi.

Hata wenye mitambo wameliona tatizo hilo. Tangu mwaka 2018 WhatsApp inaweka alama juu ya ujumbe uliopitishwa, na ukiwa umepitia mikono mitano au zaidi unapewa mishale miwili. Mwaka 2019 waliweka kikomo cha kupitisha ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja, kwa dunia nzima, na Aprili 2020, wakati wa korona, ule wenye mishale miwili ukabaki wa kupitishwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa mara. Kampuni yenyewe ilisema kwamba kupitishwa kwa ujumbe wa aina hiyo kulipungua kwa asilimia 70. Nawaomba mwitazame alama hiyo vizuri. Inakuonyesha kwamba ujumbe umetembea sana, wala haikuambii ulianzia kwa nani. Mlima wa volkano wa Nyiragongo, karibu na Goma, ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, sisi tulio na ndugu Goma tulikesha na simu mkononi, na nyumbani kwangu ililetwa picha ya barabara iliyofunikwa na mawe meusi, ikisemwa kwamba ndiyo mtaa wa shemeji yangu. Mke wangu alilia. Asubuhi shemeji mwenyewe akapiga simu, akatuambia kwamba ile ni picha ya mwaka 2002. Aliyeituma hakuwa mwongo. Alikuwa na huruma, akawa na haraka, na picha haikuwa na tarehe.

Wapo watakaosema kwamba kudai chimbuko ni tabia ya wasomi wa chuo, na kwamba watu wa kawaida hawana nafasi hiyo. Sikubali. Wenye umri wangu wanawakumbuka wale ambao nchi nzima inawaita wabunge wa kusimama, wanaume waliokuwa wakikusanyika mbele ya meza ya muuza magazeti kusoma vichwa vya habari bila kununua, kisha wakabishana mpaka jua linatua. Wengi hawakuwa na diploma. Lakini aliyesema "gazeti limeandika" alitakiwa kuonyesha, na kuonyesha kulikuwa rahisi: alinyosha kidole, gazeti liko pale, limebanwa kwa jiwe. Asiyeweza kuonyesha alizomewa, na kesho yake alisimama nyuma. Sheria hiyo haikuandikwa na profesa. Sisi tumeondoka mezani, tumeingia katika vikundi vya simu, na kile kidole tumekisahau kule.

Katika mji huu huu tuna mfano mwingine ninaoupenda mno. Mwaka 1965 mtu aliyeitwa André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kile tunachokisema jikoni na kazini. Iliitwa msamiati wa mji, lakini ndani yake mna masimulizi ya wapishi na maboi kuhusu mabwana waliowatumikia. Ilipigwa chapa kwa mashine ya kawaida, herufi na vituo vikiwa vimekaa ovyo, na maandishi mengi ya namna hiyo yamekwisha kufungia karanga. Hiyo ilipona kwa sababu ilimwangukia mtu aliyejua kuuliza. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyewahi kufundisha hapa Lubumbashi, alipotaka kuieleza kwa wengine hakuinakili tu na kuipeleka. Alishirikiana na Kalundi Mango, mwenye lugha, akamwomba aisome kwa sauti, kwa maana maneno ambayo jicho lilishindwa kuyatenganisha, sikio liliyatambua mara moja. Mwaka 1990 maandishi hayo yalichapishwa pamoja na tafsiri na maelezo, na baadaye yakawekwa kwenye intaneti, ambako kijana wa Katuba anaweza kuyasoma leo. Jina la André Yav liko juu. Jina la Kalundi Mango lipo. Kila mkono uliogusa kitu hicho umeacha alama yake, na hakuna aliyemfunika mwenzake.

Pwani nako walifanya hivyo hivyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalibaki vinywani mwa watu. Mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kwa ajili ya mmisionari William Taylor, na hakuandika beti peke yake, bali aliandika pia nani aliambiwa na shairi lilijibu tukio gani. Lilipochapishwa diwani mwaka 1940 na William Hichens, maelezo hayo ndiyo yaliyotoa mwanga. Beti nyingi za Muyaka ni mishale iliyolengwa kwa watu wa Lamu au wa Unguja wakati wa uhasama wao na Mombasa. Bila Sikujua tungekuwa na vitendawili vitamu ambavyo jibu lake limezikwa.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, maana najua mtaniuliza ninavyoifanya hapa penye umeme wa leo upo kesho haupo. Mimi natumia kaye ya karatasi na biki. Ninaposoma jambo linalonisimamisha, naandika sentensi yenyewe kama ilivyo, kwa lugha yake, ndani ya alama za kunukuu. Kisha naandika mwandishi, jina la makala, tarehe niliyosoma na anwani ya ukurasa. Chini yake naandika kwa Kiswahili kwa nini nimesimama hapo. Mstari huo wa mwisho ndio mgumu kuliko yote. Mara nyingi nikifika hapo nagundua kwamba sina sababu, kwamba jambo lilinichekesha tu, na nalifuta. Karibu nusu ya niliyotaka kuyahifadhi yamekufa kwenye mstari huo, na siyalilii.

Kaye ikijaa, utalipataje jambo? Hapo nilikopa mbinu ya Mwingereza John Locke, yule mwanafalsafa, aliyeichapisha kwa Kifaransa mwaka 1686. Kila jambo analipa neno kuu, kisha analiorodhesha mwanzoni mwa daftari kwa herufi ya kwanza ya neno hilo na irabu ya kwanza inayofuata. Ni mbinu nyepesi: unatazama vyumba vichache, unaona namba za kurasa, unafungua. Niliianza kwa shauku, na kabla ya miezi miwili ikanikwama. Chumba cha M na A kilifurika: madini, maji, malipo, mazishi, maasi, magonjwa. Chumba cha K na I nacho: kitabu, kifo, kilimo, kiwanda. Vyumba vingine vilikaa vitupu kama nyumba za kampuni baada ya kufukuza wafanyakazi. Ndipo nikatambua kwamba Locke hakuwa na lugha yenye viambishi vya ngeli. Tangu hapo naorodhesha kwa shina: malipo naliweka chini ya "lipa", mazishi chini ya "zika", kilimo chini ya "lima", kifo na msiba wake chini ya "fa". Vyumba vikasawazika, na faida nisiyoitegemea ikajitokeza, kwamba mchimbaji, machimbo na uchimbaji vilikutana nyumba moja, ndugu waliokuwa wametawanyika. Mwenye kutumia simu anaweza kufanya hivyo hivyo kwa maneno ya kutafutia, lakini nami nimewahi kuibiwa simu, na kaye haijawahi kuibiwa na mtu.

Kuhusu anwani ya ukurasa, msiitegemee peke yake. Uchunguzi wa taasisi ya Pew ya Marekani, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha kwamba kati ya kurasa zilizokuwako kwenye intaneti mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Tovuti inafungwa, gazeti linafilisika, kodi ya jina la tovuti haijalipwa, na ukurasa unatoweka hata bila moshi. Ndiyo maana nasisitiza kunakili sentensi yenyewe. Vilevile lipo jumba la kumbukumbu la Internet Archive, lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambalo linahifadhi nakala za kurasa. Unaweza kuliomba lihifadhi ukurasa unaoupenda, na ukikuta ukurasa umekufa unaweza kuulizia huko kama wana nakala yake ya zamani. Mara mbili nimefufua hivyo makala niliyodhani imepotea.

Jambo jingine ni lugha. Wengi wetu tunasoma kwa Kifaransa, na vijana kwa Kiingereza, kisha tunasimuliana kwa Kiswahili. Hapo kila mmoja wetu ni mfasiri, apende asipende. Sema wazi kwamba tafsiri ni yako. Kama neno moja hukulielewa, liache kama lilivyo na useme hukulielewa, na mara nyingi yupo mtu katika kikundi atakayelifungua.

Na msipeane kila kitu. Plinius Mzee, Mrumi aliyekufa mwaka 79 katika mlipuko wa mlima Vesuvius, alikuwa akisomewa vitabu hata akiwa mezani anakula, na akamwachia mpwa wake madaftari 160 ya dondoo, yaliyoandikwa pande zote mbili kwa herufi ndogo mno. Namheshimu, lakini fikirini kama angekuwa katika kikundi chenu cha simu. Mimi nimejiwekea kwamba situmi jambo siku ile ile niliyolisoma. Nalilaza. Asubuhi likiwa bado lina ladha, najiuliza ni nani hasa atakayelifurahia, nami namtumia huyo kwa jina lake, nikimwambia: nimekukumbuka wewe kwa sababu hii. Mjomba wangu aliyekuwa fundi wa reli namtumia habari za reli, naye hunijibu kwa barua ndefu za kunisahihisha. Nilipokuwa namtumia mambo kwa mkupuo, pamoja na watu wengine mia, hakunijibu hata siku moja.

Nimezungumza kuliko dakika nilizopewa, na naona mama mwenyekiti anatazama saa kwa upole. Kaye ya kikundi iko mezani karibu na mlango. Nimechora vyumba vya orodha mwanzoni, na biki nimeifunga kwa uzi, maana biki za hapa Katuba zina miguu. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuandika mwenyewe, chini ya "iba", kwa kuwa ni habari ya wizi: mwanamke, cherehani, shahidi wa pili anasimama. Nimeandika sababu yangu pia. Mstari wa chimbuko nimeuacha mtupu, na kama yupo kati ya wazee hapa aliyenunua karanga zile nyingine, kaye haifungwi mpaka saa mbili usiku.